Kufundisha Rozari katika Kimwani: Salamu, Si Hesabu

Walimu wengi wa dini katika nchi yetu ya Kimwani hudhani ya kuwa Rozari ni jambo jepesi kufundisha, kwa sababu sala zake ni chache na zote zajulikana. Nami nilidhani hivyo miaka mingi, hata nilipoonywa na watu wawili, mmoja mtoto na mmoja mzee. Lakini kwanza yafaa tuyatazame maneno yenyewe, maana jina la kitu mara nyingi huonyesha njia ya kukifundisha.

Neno rozari latoka katika Kilatini, rosarium, maana yake bustani ya mawaridi. Mapadre Weupe, waliofika Kashozi mwaka 1892 pamoja na Askofu Jean-Joseph Hirth wakitoka Uganda, walitumia Kifaransa katika shirika lao. Kwa lugha hiyo huitwa chapelet, yaani taji dogo la maua la kuvaa kichwani. Ndiyo asili ya ssapule ya Waganda na ishapule ya Wanyarwanda, jirani zetu wa pande mbili. Jina la tatu ni tasbihi, neno la Kiarabu lenye maana ya kumtukuza Mungu, ambalo Waislamu hulitumia kwa uzi wao wenye shanga 33 au 99. Basi angalieni: bustani, taji, utukufu. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lenye maana ya hesabu.

Hata hivyo hesabu imo, nayo ina sababu yake. Zamani huko Ulaya watawa waliojua kusoma walisali Zaburi zote 150. Watu wasiojua kusoma walisali badala yake sala walizozijua kwa moyo, wakizihesabu kwa mafundo au kwa shanga. Mwishowe zikawa Salamu Maria 150, zilizogawanywa katika matendo 15 ya maisha ya Bwana wetu na ya Mama yake. Papa Pio V aliithibitisha Rozari kwa barua yake ya mwaka 1569. Papa Leo XIII aliuwekea mwezi wa Oktoba ibada hii tangu mwaka 1883. Na mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo matano ya Mwanga, hata leo matendo yote ni 20. Kwa hiyo tangu mwanzo Rozari ilikuwa kitabu cha wasio na kitabu. Hesabu ni kamba ya kushikia tu, kama kamba ya mtumbwi ziwani: humzuia msafiri asichukuliwe na maji, lakini si ndiyo safari.

Sasa nieleze kosa langu. Nilikuwa na darasa la wakatekumeni, na katika darasa hilo mtoto mmoja mwenye akili nyingi. Katika majuma mawili alijua kila kitu: ishara ya msalaba, Kanuni ya Imani, Baba Yetu, Salamu tatu, kisha makumi matano kwa utaratibu wake. Nilimsifu mbele ya wenzake. Ndipo nikamwuliza, kwa mzaha tu, "Ulipokuwa ukisali, ulikuwa ukisema na nani?" Akajibu kwa unyofu, "Mwalimu, nilikuwa nahesabu." Sikumkemea, maana nilimfundisha hivyo mwenyewe. Alibatizwa, na baada ya mwaka mmoja nilipoingia nyumbani kwao niliiona rozari yake imetundikwa msumarini, buibui amejenga juu yake. Mtihani ulikwisha, na hesabu ikaisha pamoja nao.

Mwaka ule ule bibi mmoja mzee, asiyejua hata herufi, aliletwa kwangu na majirani waliosema ya kuwa anaharibu Rozari ya jumuiya. Mara alisali Salamu tisa, mara kumi na mbili. Nikamwambia, "Bibi, vidole vyako vyapita punje bila kuzishika." Akanijibu, "Mwanangu, mgeni akija kwako, wamsalimu ukiitazama migomba? Mimi humtazama nimsalimuye, nikasahau punje." Nilinyamaza. Nilitambua ya kuwa mwenye makosa ya hesabu ndiye aliyekuwa akisali, na yule asiye na kosa hakuwa akisali.

Jibu la bibi yule lafaa kufikiriwa sana na sisi tunaofundisha miongoni mwa Wahaya na jirani zao Wazinza. Kwetu salamu ndiyo elimu ya kwanza ya mtoto. Kabla hajajua jembe hufundishwa namna ya kumsalimu baba, mama, mkubwa na mgeni. Hufundishwa kupiga magoti, na kulitia neno la heshima, waitu, mahali pake. Wala salamu haisemwi mara moja ikaachwa: huulizwa na kujibiwa, huulizwa tena, na hakuna achokaye, kwa maana ni upendo unaosemwa. Na Salamu Maria ni nini? Ni salamu kweli: ya Malaika Gabrieli, kisha ya Elizabeti, kama aandikavyo Luka katika sura ya kwanza. Mtu akituambia ya kuwa twarudia maneno bure, tumjibu kwa desturi yake mwenyewe: je, jana ulimsalimu mama yako, leo hutamsalimu?

Kwa hiyo nimebadili utaratibu wa kufundisha, nao ni huu. Kwanza, nafundisha tendo kabla ya punje. Nasimulia habari ya Maria aendaye milimani kumtembelea Elizabeti, na kuwauliza watoto: njia ilikuwaje, walisalimianaje mlangoni? Pili, twasali Salamu moja tu, polepole, tukilifikiri tendo lile. Siku nyingine tatu, kisha kumi, kwa vidole. Tatu, ndipo nawapa uzi wa punje, kwa siku zake: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Mwanga Alhamisi, Utukufu Jumatano na Jumapili. Njia hii ni ndefu. Majuma mawili huwa miezi mitatu. Lakini kitu kilichopandwa kwa haraka hung'oka kwa haraka.

Neno moja zaidi. Wapo wanaoivaa rozari shingoni kama hirizi, wakidhani ya kuwa shanga zenyewe zafukuza maradhi na uchawi. Kosa hili na la yule mtoto ni ndugu: wote wawili wametazama punje, hawakumtazama asalimiwaye. Tusiwakemee kwa ukali; tuwaketishe tuwafundishe tena tangu tendo la kwanza.

Bibi yule alipokufa tulisali Rozari nyumbani kwake usiku kucha, kama ilivyo desturi yetu penye msiba. Mtoto niliyemsimulia, sasa kijana, alikuwapo. Alisali polepole nyuma ya wengine, macho yakimtazama marehemu, na kumi lake la kwanza lilikuwa na Salamu kumi na moja. Sikumsahihisha.