Udahili wa vyuo vikuu: akili mnemba ianze na meseji

Mwombaji wa chuo kikuu aliyeko Ludewa hulipa kabla hajajibiwa. Ada ya maombi aghalabu ni shilingi 10,000 kwa chuo, na ya Bodi ya Mikopo ni 30,000. Hapo bado nauli, na bado steshenari ya kujaza fomu ya mkopo, kuichapa, kisha kuiskani ikisharudi na muhuri wa kijiji na wa hakimu au wakili.

Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipokea maombi kwa mfumo mmoja. Mwaka 2017 kazi hiyo ikarudi vyuoni, kila chuo na tovuti yake na dawati lake la simu. Anayetaka vyuo vitatu anajaza mara tatu. Msimu ukipamba moto, madawati yote hayo hujibu maswali yaleyale: namba ya malipo haijatoka, nimesahau nywila, nimechaguliwa vyuo viwili nathibitishaje?

Hapa ndipo akili mnemba inaweza kujilipa mapema. Georgia State, chuo kikuu cha Atlanta, Marekani, kiliweka mashine ya kujibu wanafunzi wapya mwaka 2016. Kilitangaza kwamba ilijibu maswali zaidi ya 200,000 msimu huo, na waliochaguliwa wasiripoti wakapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Ilijibu kwa meseji za kawaida. Kwa kijana wa Manda, kando ya Ziwa Nyasa, hilo lina thamani kuliko tovuti yoyote ya kupendeza, mradi majibu yaje kwa Kiswahili.

Kukagua vyeti ni kazi nyingine, na ina mtego. Cheti cha kuzaliwa kikiandikwa Haule, cha kidato cha nne Haulle, programu itaona watu wawili. Karani mzoefu ataomba hati ya kiapo, mambo yaendelee. Programu yenye mamlaka ya kukataa itamrudisha kijana mwanzo, dirisha likikaribia kufungwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu dhidi ya uamuzi wa mashine pekee. Kwa hiyo chuo kinachonunua mfumo kiweke mafungu mawili kwenye bajeti: leseni, na mishahara ya makarani wa kupitia waliokataliwa. Hilo la pili, naona, ndilo litakalokatwa kwanza.