Kompyuta Ghali Hufikaje Msata

Msata ni njia panda. Barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inakutana hapo na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, ile inayobeba mabasi na malori ya Tanga, Moshi na Arusha. Mahali kama hapo kompyuta ya steshenari ni chombo cha kazi kama cherehani ya fundi. Ndiyo inayochapa barua, inayojaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, inayotuma maombi ya ajira serikalini. Ikilala wiki moja bila kuwaka, mwenye duka hana biashara, na mwombaji analipa nauli kwenda kutafuta huduma mji mwingine.

Ndiyo maana naliona swali la bei za kompyuta kuwa letu pia, ingawa maamuzi yake hufanyika mbali. Swali ni hili: kampuni inayouza kompyuta kwa bei ya juu, mifuko ya watu ikikauka, ipunguze bei isije ikapoteza soko, au ing'ang'anie bei yake? Wengi hujibu upesi kwamba ipunguze. Jibu hilo halijapiga hesabu hadi mwisho.

Tuchukue mfano. Kampuni inatengeneza kompyuta kwa shilingi 1,400,000 na kuiuza kwa 2,000,000. Faida yake ni 600,000 kwa kila moja. Ikishusha bei kwa asilimia 10 tu, inauza kwa 1,800,000 na faida inabaki 400,000. Ili ipate fedha ileile iliyokuwa ikipata kwa kuuza kompyuta mbili, sasa lazima iuze tatu. Bei imeshuka kwa sehemu ya kumi, lakini mauzo yanatakiwa kupanda kwa nusu nzima. Katika uchumi uliodorora, hao wateja wa nyongeza watatoka wapi? Aliyekuwa na milioni mbili huenda bado anazo. Aliyekuwa na laki sita hatashawishika kwa punguzo la laki mbili.

Dunia iliwahi kulijaribu jambo hili waziwazi. Mwishoni mwa 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya bei nafuu, na wengine wakafuata. Mwaka uliofuata msukosuko wa fedha ukaikumba Marekani na Ulaya, na kompyuta hizo ndogo zikauzwa kwa wingi. Apple, muuzaji wa kompyuta za bei ya juu, ikashinikizwa iingie kwenye mbio. Oktoba 2008 mkuu wake, Steve Jobs, alieleza kwamba hawakujua namna ya kutengeneza kompyuta ya dola 500 isiyokuwa takataka, wakakataa. Robo ya kwanza ya 2009 mauzo ya kompyuta zao yalipungua kwa asilimia 3 tu kulinganisha na mwaka uliotangulia, wakati soko zima la dunia lilianguka kwa zaidi ya hapo. Juni mwaka huohuo walipunguza bei kwa kipimo: MacBook Air ikashuka kutoka dola 1,799 hadi 1,499. Bado ilikuwa ghali.

Upande wa pili alikuwapo mtengenezaji mwingine, Acer. Kwa nguvu ya kompyuta ndogo alimpita Dell mwaka 2009 na kushika nafasi ya pili duniani kwa idadi ya mashine. Miaka miwili baadaye, 2011, akapata hasara ya mwaka mzima, na mkuu wake akawa ameshaondoka. Kufikia 2013 kompyuta zile ndogo zilikuwa zimekaribia kutoweka madukani. Sehemu kubwa ya soko aliipata, ila faida ya kumtunza hapo haikuwamo.

Kuna jambo jingine linalompa nafasi mwenye bei ya juu. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, kwenye barabara hiyohiyo ya Bagamoyo kwenda Msata, msimu ukifika lazima auze, maana nanasi lililoiva halisubiri bei ipande. Mtengenezaji wa kompyuta ghali hana shida hiyo kwa kiwango kile. Akiona wateja wamepungua anaagiza mashine chache zaidi viwandani. Anapunguza idadi na bei anaiacha palepale.

Sasa tuirudishe hesabu kwetu, kwa sababu hapa ndipo maelezo ya vitabu vya Ulaya na Marekani yanapotuacha njiani. Kwetu bei inaweza kupanda bila kampuni kugusa chochote. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air kwa dola 999. Machi 2025 ikatoa nyingine, bora kuliko ile, kwa dola zilezile 999. Kwa Mmarekani ambaye mshahara wake uliongezeka katika miaka hiyo, kompyuta ikawa rahisi. Kwetu, dola moja iliyokuwa yapata shilingi 2,300 ilikuwa imepita 2,600. Kompyuta ya milioni 2.3 ikawa ya milioni 2.6, kabla ya usafiri, faida ya muuzaji na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma wakati huo kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa mishahara ya miezi saba, bila kula. Julai mwaka huo kima hicho kilipanda hadi 500,000, na bado ilikuwa zaidi ya miezi mitano. Takwimu za pato la taifa zinaonyesha uchumi wetu unakua, lakini mbele ya bidhaa yenye bei ya dola, mfuko wa mwalimu wa Msata ni dhaifu.

Je, mashine za bei ya juu hazifiki Msata? Zinafika, na kwa wingi. Zinafika zikiwa mtumba.

Angalia kompyuta mpakato zilizo mezani kwenye ofisi ndogo na steshenari nyingi: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini. Ni mashine za makampuni makubwa, nyingi ziliuzwa zaidi ya dola 1,000 zikiwa mpya. Kampuni ya Ulaya au Marekani huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huzibadilisha zote kwa mpigo. Zinakusanywa, zinasafishwa, nyingi zinapitia Dubai, na mwisho zinatua Kariakoo. Kwa bei hiyo ya pili zinashindana na kompyuta mpya za bei nafuu, na mara nyingi zinashinda, kwa kuwa bawaba zake ni imara na betri, kibodi na kumbukumbu za modeli nyingi hubadilishwa na fundi wa kawaida. Takwimu za soko zinazotangazwa kila robo mwaka huhesabu mashine mpya zinazosafirishwa, kwa hiyo ushindi huu hauonekani humo. MacBook ya leo haibahatiki hivyo: kumbukumbu na hifadhi vimechomelewa ndani, na ikiharibika mbali na mji mkubwa, safari yake ya matengenezo ni ndefu.

Serikali za Afrika Mashariki zimeshughulikia mitumba hii na bei za vifaa kwa njia tofauti. Uganda, mwaka 2009, ilitangaza kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika, pamoja na majokofu na televisheni, kwa hofu ya taka za kielektroniki. Tanzania mwaka 2021 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kisha mwaka uliofuata ikairudisha. Taka ni tatizo la kweli na sitalipuuza. Lakini kupiga marufuku kunamwadhibu mwenye steshenari kwa kosa la anayeingiza mashine mfu, na msamaha wa mwaka mmoja hautoshi kumlazimisha muuzaji ashushe bei. Ningependelea ukaguzi bandarini: mashine isiyowaka, isiyo na betri nzima, isipite.

Kwa mnunuzi, hesabu ya maana ni gharama ya kila mwaka. Tuseme kompyuta mpya dhaifu ni shilingi 700,000 na itamudu kazi miaka miwili. Hiyo ni 350,000 kwa mwaka. Mtumba mzuri wa 800,000 ukidumu miaka minne ni 200,000 kwa mwaka. Aliyelipa zaidi siku ya kwanza ndiye aliyetumia kidogo.

Ipo tahadhari moja kubwa sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi. Ofisi za nje zimekuwa zikizitupa mashine zisizotimiza masharti hayo, na zitakuja kwetu kwa bei ya kuvutia. Kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji aiwashe na afungue ukurasa wa maelezo ya mfumo mbele yako. Soma jina la prosesa: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba. Chomoa chaja uone betri inakaa muda gani, dai risiti na waranti ya maandishi. Ikiwa ni ya kizazi cha saba na muuzaji anakuomba bei ya cha nane, iache mezani kwake.