Dawa ya vijidudu kabla ya kuziba jino: ina kazi gani hasa?

Daktari akishachimba uozo kwa keekee na kulisafisha tundu, wengi wetu hutarajia alipake dawa kali ya kuua vijidudu kabla ya kuziba. Matarajio hayo yana msingi. Jino huoza kwa sababu bakteria walio kwenye ukoga, Streptococcus mutans wakiwa maarufu zaidi, hula sukari na kutoa asidi, nayo pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Kwa nini basi adui afungiwe ndani akiwa hai?

Jibu linategemea kinachozibia. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, hukaa kwa kubanwa na umbo la tundu. Resini yenye rangi ya jino hushikiliwa na gundi, na gundi hiyo ina masharti yake. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforasi hupata mikwaruzo midogo ambayo resini huikamata vizuri. Dentini iliyo chini yake ni kaidi zaidi kwa kuwa ina maji na nyuzi za kolajeni. Asidi huondoa madini na kuziacha nyuzi wazi kama mkeka uliolowa. Gundi hupenya katikati yake, kisha mwanga wa buluu huigandisha. Nobuo Nakabayashi na wenzake nchini Japani ndio walioeleza tabaka hilo la mchanganyiko mwaka 1982, na uhai wa jino lililozibwa kwa resini unalitegemea.

Sasa mwaga humo hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye jiki. Bakteria watakufa kweli, lakini kolajeni nayo italiwa, na oksijeni itakayobaki itaizuia resini kuganda sawasawa. Peroksidi ya hidrojeni ina kasoro hiyohiyo ya oksijeni. Hata mafuta ya karafuu, tunayoyakimbilia usiku jino likiuma, yana yujenoli, ambayo huvuruga ugandaji wa resini. Ukiwa umeyatumia, mwambie daktari kabla hajaanza kazi.

Klorheksidini ya asilimia 2 haina ugomvi huo na gundi, ndiyo maana madaktari wengi huichagua. Ajabu ni kwamba sifa yake kubwa katika utafiti wa gundi haitokani na kuua bakteria. Ndani ya dentini yenyewe kuna vimeng'enya ambavyo, vikiamshwa na asidi, hutafuna polepole nyuzi ambazo gundi haikuzifunika. Klorheksidini huvizuia. Katika maabara, gundi iliyowekwa baada yake hudumisha nguvu muda mrefu zaidi. Kwenye vinywa vya wagonjwa, hata hivyo, majaribio hayajaonyesha faida iliyo wazi. Na wapo watu wachache ambao mzio wa klorheksidini huwapata vibaya sana. Anayejijua aseme mapema.

Je, bakteria wanaobaki? Eva Mertz-Fairhurst na wenzake, huko Marekani, waliziba meno yaliyotoboka huku uozo ukiwa umeachwa ndani, na matokeo waliyochapisha mwaka 1998 yalionyesha kwamba kwa miaka 10 uozo uliozibwa vizuri haukuendelea. Wakikatiwa sukari, vijidudu hupungua na kudhoofika. Tanzania ina sehemu yake katika habari hii: katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walianzia hapa njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme, na kuziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mwaka 1994. Jopo la kimataifa la wataalamu lililotoa mapendekezo mwaka 2016 nalo lilikubali kwamba kwenye tundu lenye kina kirefu, uozo laini kidogo uachwe karibu na kiini ili kisifunuliwe, ilimradi kingo za tundu ziwe safi na ngumu.

Kwa maoni yangu, dawa ya kusafishia tundu ni nyongeza tu. Mate yakiingia wakati gundi inapakwa, hakuna dawa itakayoliokoa jino hilo. Kwa hiyo ukiwa kwenye kiti, vumilia pamba na kile kimrija kinachofyonza mate, usifunge mdomo wala kusukuma kwa ulimi mpaka daktari amalize. Ukifika nyumbani, punguza sukari na upige mswaki kwa dawa yenye floridi mara mbili kwa siku, kwani bakteria walio nje ya zibo bado wanakula unachokula.