Mamba Mwenye Magego

Mamba hatafuni. Hukamata, hurarua, kisha humeza mapande, maana meno yake yote yamechongoka na jino hili halina tofauti kubwa na lile.

Mwaka 2008, katika miamba myekundu ya Galula, bonde la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania, lilifukuliwa fuvu dogo la jamii ya mamba, la kuenea kiganjani. Taya zilikuwa zimefumbana. Kuzifumbua kwa nguvu kungezivunja, kwa hiyo fuvu lilipigwa eksirei kwa mashine ya CT, na kompyuta ikazitenganisha taya hizo pichani. Mbele zilionekana chonge; nyuma, magego hasa, ya juu yakikutana na ya chini barabara, tayari kukatakata chakula. Mpangilio huo tumezoea kuuona kwa mamalia.

Mnyama huyo aliishi takriban miaka milioni 105 iliyopita na hakumzidi paka kwa ukubwa. Aliitwa Pakasuchus kapilimai, jina la pili likimuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa viongozi wa utafiti wa Rukwa. Timu ya Patrick O'Connor wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, ilimtangaza mwaka 2010 katika jarida la Nature.

Mwili wake nao ni wa nchi kavu: miguu mirefu myembamba, tundu za pua zimekaa mbele ya uso, na zile ngao za mfupa zinazomkinga mamba mgongoni zimepungua sana, zikabaki hasa mkiani.

Wakati huo Afrika ilikuwa sehemu ya Gondwana, bara kubwa la kusini lililokuwa likimegeka. Huko mabaki ya mamalia ni haba kuliko kaskazini, na inaelekea ndugu hawa wa mamba ndio walioshika nafasi nyingi za wanyama wadogo. Malawi alikuwako Malawisuchus, mwenye meno ya namna mbalimbali. Madagaska, baadaye sana, Simosuchus wa pua butu, anayedhaniwa kuwa mla majani. Usemi kwamba mamba hawajabadilika tangu enzi za dinosaria unafaa kuachwa kabisa.

Galula imetoa pia dinosaria wakubwa wa shingo ndefu: Rukwatitan, aliyetangazwa 2014, na Shingopana, 2017. Majitu hayo yanajulikana kwa sehemu tu ya mifupa yao. Pakasuchus, mdogo kuliko wote, ndiye aliyeacha kiunzi karibu kizima.