Skana ya Filamu Hudumu Miaka Mingapi?

Idara nyingi za Kiswahili katika nchi zetu zina kabati ambalo halifunguliwi mara kwa mara. Ndani yake mna slaidi zilizopigwa na wahadhiri waliotutangulia walipokwenda kufanya utafiti pwani, negativu za kurasa za miswada iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na picha za washairi na wasimulizi ambao wengi wao wameshaaga dunia. Idara inapofikiria kununua mashine ya kuihamishia hazina hiyo kwenye kompyuta, swali linaloulizwa mapema ni hili: mashine hiyo itadumu miaka mingapi kabla ya kuhitaji nyingine?

Katika makala haya tutakiita kifaa chenyewe skana, na kazi yake tutaiita kutambaza. Swali letu halina jibu la tarakimu moja, kwa sababu skana ina sehemu kadhaa na kila sehemu huzeeka kwa mwendo wake. Tuziangalie moja moja.

Kwanza ni taa. Skana humulika filamu, na kitambuzi cha mwanga husoma mwanga unaopenya. Skana nyingi za zamani zilitumia taa nyembamba za mrija, jamaa ya zile tubu za darini. Taa hizo hufifia kidogo kidogo na rangi yake hubadilika kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka. Nyingine, kama zile za Nikon Coolscan, zilitumia taa za LED, ambazo hudumu muda mrefu zaidi. Kitambuzi chenyewe si kawaida kuwa cha kwanza kuharibika.

Pili ni sehemu zinazosogea: mota, gia, mikanda ya mpira na reli. Hapa adui si matumizi peke yake. Girisi hukauka na mpira hupoteza ulaini hata mashine ikiwa imekaa tu chini ya kitambaa. Kwa hiyo skana isiyotumika kwa miaka 5 haijahifadhi nguvu zake. Imezeeka ikiwa kimya.

Tatu ni vioo na lenzi. Vumbi likituama juu ya kioo cha ndani, picha hupata ukungu, hasa pale penye weusi uliopakana na weupe. Kwa mswada wenye wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kasoro hiyo yaweza kumfanya msomaji asitambue nukta za herufi. Sote tunajua kuwa katika hati ya Kiarabu nukta ndizo zinazotofautisha be na te. Habari njema ni kwamba vumbi si mwisho wa mashine. Fundi makini huweza kuifungua na kuisafisha.

Nne ni programu na kebo, na mara nyingi hapa ndipo skana hufia ilhali mwili wake bado mzima. Mfano ulio wazi ni Super Coolscan 5000 ED ya Nikon, iliyosifiwa sana miaka ya 2000. Kampuni iliacha kutengeneza skana za aina hiyo, na programu yake, Nikon Scan, haikutolewa toleo la Windows 7, mfumo uliotoka mwaka 2009. Konica Minolta nayo ilitangaza mwaka 2006 kwamba inajitoa katika biashara ya kamera na picha, na skana zake za Dimage zikabaki bila mwenyewe. Skana nyingine za zamani hudai kebo za SCSI au FireWire, ambazo kompyuta za leo hazina matundu yake.

Hata hivyo, tusikimbilie kuzitupa. Programu ya VueScan, iliyoanza mwaka 1998, huziendesha skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake. Idara nyingine hutenga kompyuta moja ya zamani, isiyounganishwa na intaneti, kwa kazi hiyo tu.

Basi tutajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika? Njia rahisi ni kuchagua filamu moja ya majaribio, kuitambaza siku mashine inaponunuliwa, na kuitambaza tena kila mwaka kwa mipangilio ile ile. Linganisha picha hizo. Mistari inayopita katika picha nzima, rangi iliyohama au ukungu ni dalili za kuita fundi. Vipuri vikiwa havipatikani tena, au gharama ya fundi ikikaribia bei ya mashine nyingine, hapo ndipo pa kubadilisha.

Lakini, ndugu msomaji, hebu tupige hesabu. Tuseme kabati lina picha 3,000, na kila picha inachukua dakika 4 kuisafisha, kuiweka na kuitambaza. Hizo ni saa 200. Wanafunzi wakipokezana saa 4 kwa siku, kazi itakwisha kwa siku 50 za kazi, yaani muhula mmoja. Picha moja ya milimita 36 kwa 24, ikitambazwa kwa nukta 4,000 kwa inchi, hutoa nukta zipatazo milioni 21, nazo zatosha kusoma hata maandishi madogo ya pambizoni, mradi mpiga picha alilenga vizuri. Kwa maneno mengine, hatuhitaji skana ya kudumu miaka 20. Tunahitaji skana ya kudumu mpaka kazi iishe.

Chenye haraka zaidi ni filamu. Filamu za asetati, hasa zikikaa kwenye joto na unyevu kama wa miji yetu mingi, huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Baadaye hujikunja na kupasuka, na hakuna skana inayoweza kuirudisha picha iliyokwisha kuharibika. Slaidi za rangi nazo huchujuka. Ukifungua kabati ukanusa siki, usisubiri bajeti ya mwaka ujao: zitenge filamu hizo na uzitambaze kwanza.

Tunashauri mambo matatu. Orodhesheni filamu kabla ya kununua mashine. Kama nyingi ni nyeusi na nyeupe, msilipie zaidi kwa ajili ya kiondoa vumbi cha miale ya infraredi, maana hakifanyi kazi vizuri kwenye filamu za kawaida za aina hiyo. Na baada ya kutambaza, hifadhini nakala mahali pawili, wala msizitupe filamu zenyewe.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Skana nyingine itanunuliwa. Negativu ya mswada ambao asili yake imepotea haitapigwa tena.