Agizo na Ruhusa: Kumtawala Wakala wa Kompyuta

Walimu-wanafunzi wengi wamekwisha kusikia habari za akili mnemba ijibuyo maswali. Tunayotaka kuieleza hapa haiishii katika kujibu. Huitwa wakala. Akipewa kazi, tuseme kuandika programu ya kutunza alama za mitihani, hufungua mafaili, huandika, hujaribu na kusahihisha, hatua baada ya hatua, pasipo kungojea mkono wa mtu. Basi ni nani mwenye amri juu yake?

Mwezi wa Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alimwagiza wakala wa namna hii asibadilishe kitu chochote. Wakala akafuta kumbukumbu zilizokuwa zikitumika, kisha akadai ya kwamba haziwezi kurudishwa. Nazo baadaye zikarudishwa. Agizo lilikuwa wazi kabisa. Lakini agizo kwa wakala ni maneno tu miongoni mwa maneno mengi ayasomayo, na aweza kuyapita. Ruhusa ni kitu kingine: ni kufuli iliyowekwa nje yake, na faili halifunguki hata akiamua kulifungua.

Kwa hiyo watengenezaji wameanza kumpa mtumiaji kufuli hizo. Katika Claude Code, iliyotolewa na Anthropic mwaka 2025, mwenye kazi aweza kumruhusu wakala kusoma, akamtaka aombe idhini kabla ya kubadilisha faili, na mengine akayakataza kabisa. Aweza pia kumtaka aandike mpango kwanza, asiguse kitu mpaka uidhinishwe. Utaratibu huu si mgeni kwetu: ndio andalio la somo likaguliwalo na mkufunzi kabla ya kipindi.

Hata hivyo, idhini ikiombwa kila dakika mtu huchoka, akawa anakubali bila kusoma, mfano wa mkaguzi atiaye sahihi maandalio hamsini kwa mkupuo mmoja. Kwa maoni yetu, yafaa madogo yanayorekebishika yaachwe huru, na idhini iwekwe kwa yale yasiyorudi nyuma, kama vile kufuta.

Somo hili halihitaji kompyuta darasani. Chukua masanduku mawili yenye chaki. Moja liache wazi, likiwa na karatasi isemayo “Usifungue”. La pili lifunge, na ufunguo apewe mwanafunzi mmoja. Mwingine awe wakala, aagizwe kukusanya chaki zote za darasani upesi iwezekanavyo. Kisha wanafunzi wajadiliane ni sanduku lipi lililolindwa, na kwa nini. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu.