Alama Nyeusi Chini ya Mguu

Ndugu mfanyakazi, jioni ukivua bote, geuza mguu, mama watoto akutazamie unyayo. Kansa ya ngozi iitwayo melanoma ni haba kwetu watu weusi, lakini ikitokea, mara nyingi huota pale, au chini ya ukucha. Mwimbaji Bob Marley ilimwanza kwenye kidole cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977. Akafa tarehe 11 Mei 1981, na miaka 36 tu.

Usishangae munganga akiacha mguu na kupapasa kinena. Kansa ikitoka unyayoni, kwa kawaida hupitia kwanza tezi za hapo. Zikiwa safi, matumaini ni makubwa zaidi. Ikiwa imekwisha kuingia, ugonjwa umefika daraja la tatu. Lakini vidole havitoshi: tezi isiyovimba yaweza kuificha. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1990, wapasuaji hufuata rangi ya buluu hadi tezi ya kwanza, huitoa na kuipima kwa darubini.

Hapa Masako mitoki mingi ni ya vidonda vya shamba, nayo hupungua kidonda kikipona. Ule mgumu, usiouma, unaozidi kukua, pamoja na doa jeusi mguuni, upeleke Kisangani. Usiuchanje kwanza.